KHIARI YA SKULI NA FEDHA ZA UMMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumetakiwa na Kamati ya Tawi tuseme machache juu ya jambo lililozungumzwa sana mabarazani tangu chama kilipoanza kutayarisha madai yake ya ilimu. Wako wenzetu, na si wachache, wanaosema kwamba maadam skuli nyingi za Serikali zimeshindwa kusomesha, basi chama kidai itungwe sheria ya kumpa kila mzee fedha za masomo ya mwanawe, ampeleke skuli aitakayo, iwe ya Serikali, ya mtu binafsi au ya dini. Husema kuwa Marekani wamefanya hivyo na wamefaulu. Wengine hujibu kuwa Marekani wamefanya hivyo na wameziangamiza skuli zao. Kwa kuwa pande zote mbili zataja Marekani, tumeona ni vyema kwanza tujue Marekani wamefanya nini khasa, mwaka gani, kwa nani na kwa kiasi gani, kisha ndipo tupige kura. Kupigia kura jambo la kusikia ni sawa na kununua gunia la mchele bila ya kulifungua, na sisi wenye maduka twajua gunia la namna hiyo huwa na nini chini.

Yatupasa tuanze na namna skuli za nchi ile zinavyoendeshwa. Hakuna wizara moja inayoamrisha skuli zote. Kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo mna wilaya za skuli zenye bodi zao. Fedha hutoka kwa sehemu kubwa katika kodi ya nyumba na ardhi za wilaya ile ile na katika hazina ya jimbo. Serikali Kuu ya Washington huchangia sehemu ndogo tu. Mtoto husoma bure, lakini kwa kawaida husoma skuli ya mtaa anaokaa. Matokeo yake ni wazi. Mtaa wenye nyumba za thamani huwa na skuli za thamani, na mtaa wa mafukara huwa na skuli ya kifukara. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba tajiri wa Marekani naye hana khiari ya skuli hawasemi kweli: tajiri hununua khiari yake siku anaponunua nyumba. Asiyekuwa na khiari ni maskini, na hapo ndipo dai lote hili lilipopata nguvu.

Rai yenyewe ina wazazi wawili, na wazazi hao hawafanani hata kidogo.

Mzazi wa kwanza ni mtaalamu wa uchumi, Milton Friedman, ambaye mwaka 1955 aliandika kwamba Serikali ilipie masomo, lakini si lazima iendeshe skuli. Ampe mzee hati yenye thamani ya fedha, ambayo leo huitwa vocha, naye aende nayo skuli yoyote iliyokubaliwa. Skuli zishindane kama maduka, mbovu ifungwe, nzuri ipanuke. Hoja hiyo ni safi juu ya karatasi. Lakini tuutazame mwaka wenyewe. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto Weusi na Wazungu katika skuli za umma ni kinyume cha katiba. Majimbo ya kusini yalikuwa yakitafuta kila mlango wa kuikimbia hukumu hiyo, na mlango mmoja waliouona ulikuwa ni huu huu wa kumpa mzee fedha akachague skuli mwenyewe.

Twaomba tukae kidogo katika wilaya moja ya jimbo la Virginia, iitwayo Prince Edward. Mwaka 1951 wanafunzi Weusi wa skuli ya Moton, wakiongozwa na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, waligoma kwa sababu skuli yao ilijaa hata baadhi yao wakasomeshwa katika vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mgomo wao ukawa kesi, na kesi hiyo ni moja katika zile zilizounganishwa zikaamuliwa mwaka 1954. Wakubwa wa wilaya hawakusahau. Mwaka 1959, walipoamrishwa kuchanganya watoto, waliona kheri wasitoze kodi ya skuli kabisa kuliko kutii. Wakazifunga skuli zote za umma za wilaya nzima. Watoto wa Kizungu wakafunguliwa skuli ya binafsi, na wazee wao kwa muda wakasaidiwa ada kwa fedha za umma na kwa nafuu za kodi. Watoto Weusi wapatao 1,700 hawakuwa na skuli. Wako waliopelekwa kwa jamaa zao majimbo mengine, wako waliofundishwa kusoma na kuandika katika makanisa na watu wa kujitolea, na wako ambao hawakurudi darasani tena maisha yao yote. Hali hiyo ilidumu miaka 5, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi wa Mei 1964 kwamba skuli zifunguliwe.

Zilifunguliwa Septemba 1964, mwezi ule ule ambao hapa kwetu, tarehe 23, ilitangazwa ilimu bila ya malipo. Tangazo hilo sisi tusiokubaliana na mengi ya waliotawala hatulikanushi. Lililo baina yetu na wao ni namna lilivyotunzwa.

Hatusemi, kwa khabari hii ya Virginia, kwamba kila mwenye kutaka vocha leo ni mbaguzi. Kusema hivyo ni uzushi, na mzazi wa pili wa rai hii atatukanusha mara moja. Tunalosema ni kwamba neno "khiari" halina rangi yake lenyewe. Hupakwa rangi na masharti yaliyoandikwa chini yake.

Mzazi wa pili ni mwanamke. Bibi Annette Polly Williams alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Wisconsin, Mmarekani Mweusi wa mji wa Milwaukee, wa chama cha Democratic, aliyelea watoto 4 peke yake na aliyewahi kuishi kwa msaada wa Serikali. Jesse Jackson alipogombea urais mwaka 1984 na 1988, yeye ndiye aliyesimamia kampeni zake katika jimbo hilo. Hakuwa mtu wa matajiri. Ghadhabu yake ilitokana na kuwaona watoto wa mtaani kwake wakibebwa kwa mabasi kila asubuhi kwenda skuli za mbali kwa jina la kuchanganya rangi, kisha wakarudi jioni hawajui kusoma. Wakati huo huo mlikuwamo mtaani skuli ndogo za watu binafsi, zilizoanzishwa na watu wao wenyewe, zenye walimu wanaomjua kila mtoto kwa jina, ila ada zake hazimudiki. Akashirikiana na Gavana Tommy Thompson wa chama cha Republican, ambaye hawakukubaliana katika mengi, na sheria ikapita mwaka 1990.

Wenzetu mnaopendelea vocha, tazameni ilivyokuwa sheria ile ya mwanzo, maana uzuri wote umo katika mipaka yake. Ilikuwa kwa mafukara tu, wenye pato lisilozidi kiwango cha umaskini na robo tatu yake. Wasiruhusiwe zaidi ya mwanafunzi 1 katika kila 100 wa skuli za mji. Skuli yenye kupokea vocha isiwe na wanafunzi wa vocha zaidi ya 49 katika 100, ili ibaki na wengine wanaolipa kwa khiari zao, na hilo liwe ushahidi kuwa ni skuli kweli. Wakiomba wengi kuliko nafasi, ipigwe kura ya bahati. Mwenye skuli asichague. Skuli za dini hazikuwamo. Mwaka wa kwanza waliingia watoto wapatao 340 tu, katika skuli 7, kwa dola zipatazo 2,500 kila mmoja. Na hata kwa uchache huo, skuli moja katika hizo 7 ilijitoa kabla ya mwaka kwisha na ikafunga milango, watoto wakatafutiwa pengine.

Kisha mipaka ikaanza kusogea. Mwaka 1995 ziliingizwa skuli za dini, na mahakama ya juu ya jimbo ikakubali mwaka 1998. Kiwango cha 49 kikapandishwa, kisha kikafutwa. Mwaka 2011 kikomo cha pato kikapanuliwa kikafika mara 3 ya kiwango cha umaskini, na idadi ya wanafunzi ikaachwa wazi. Gavana wa wakati huo alitaka hata kikomo cha pato kiondoke kabisa. Dokta Howard Fuller, aliyekuwa mkuu wa skuli za umma za Milwaukee kutoka 1991 mpaka 1995 na mtetezi mkubwa wa vocha, alikwenda mbele ya wajumbe kulipinga jambo hilo, akisema hakupigania miaka yote ile ili kuwalipia wanaojiweza. Bibi Williams naye, kabla ya kufariki mwaka 2014, alilalamika hadharani kwamba mpango umetoka mikononi mwa wale ulioanzishwa kwa ajili yao. Leo wanafunzi wa vocha wa mji huo mmoja wamepindukia 28,000. Na katika skuli zote za binafsi zilizopokea vocha hapo baina ya 1991 na 2015, takriban 4 katika kila 10 hazikudumu. Friedman angesema ndivyo soko lifanyavyo kazi yake. Sisi twasema duka likifungwa mteja huvuka barabara akanunua sukari kwa jirani. Mtoto skuli yake ikifungwa mwezi wa pili, mwaka umempotea, na mwaka wa mtoto hauuzwi popote.

Sasa tuingie katika suala la dini, ambalo tunajua ndilo linalowavuta wengi mliomo humu.

Mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, skuli zake ziliharibika hata mahakama ikaamrisha mwaka 1995 zichukuliwe na jimbo. Ikatungwa sheria ya vocha isiyozidi dola 2,250. Katika mwaka wa masomo wa 1999 na 2000 waliitumia watoto zaidi ya 3,700, na 96 katika kila 100 kati yao waliingia skuli za dini, nyingi zikiwa za Kikatoliki. Katiba ya Marekani hukataza dola kusimamisha dini, basi kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 27 Juni 2002, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema sheria ni halali, kwa kuwa fedha haziendi kwa kanisa kwa amri ya Serikali, bali huenda kwa khiari ya mzee. Baadaye, mwaka 2020 katika kesi ya Montana na mwaka 2022 katika kesi ya Maine, mahakama ilikwenda mbele zaidi: jimbo likishaamua kusaidia skuli za binafsi, halina rukhsa kuzitoa za dini kwa sababu ya dini yake.

Waislamu wa kule nao wamenufaika. Skuli ya Kiislamu ya Salam, ya Milwaukee, ni miongoni mwa zile zinazopokea vocha. Twalitaja kwa sababu liko kweli, na kwa sababu sisi tuliosomea chuoni, tuliojifunza herufi kwenye ubao kabla ya kuona daftari, hatuwezi kujifanya kuwa jambo hilo halitugusi. Lakini someni na sharti lake. Katika sheria ya Wisconsin mzee wa mtoto wa vocha akiandika kwamba hataki mwanawe ahudhurie ibada na mafundisho ya dini ya skuli, hana budi kuachiwa. Kwa Mwislamu ambaye mwanawe yumo skuli ya Kikatoliki, sharti hilo ni ngao. Kwa mwenye skuli ya Kiislamu, sharti lile lile lina maana kwamba amepokea mtoto asiyeweza kumlazimisha kusali. Fedha ya umma haiingii nyumbani peke yake. Huingia na mkaguzi, na daftari la mahudhurio, na orodha ya vitabu. Vyuo vyetu vimeishi karne nyingi kwa sadaka, kwa wakfu na kwa posho ya Alkhamis. Mwalimu hakuwa na tajiri wa kumwamrisha. Wanaotaka vyuo viingizwe katika vocha na wafikiri sana kabla ya kutia saini.

Tumesema Milwaukee na Cleveland zilitazama ufukara wa mzee. Florida, mwaka 1999, chini ya Gavana Jeb Bush, ilitazama ubovu wa skuli, na hili liko karibu zaidi na dai lililoletwa mbele yetu. Kila skuli ya umma ilipewa alama kwa herufi, kutoka A mpaka F. Skuli iliyopata F mara 2 ndani ya miaka 4, watoto wake walipewa khiari mbili: wahamie skuli ya umma iliyo bora, au wachukue skolashipu waende ya binafsi. Mwaka wa kwanza skuli zilizofikia hali hiyo zilikuwa 2 tu, zote za mji wa Pensacola, na waliokwenda skuli za binafsi hawakufika watoto 60. Ikaonekana katika miaka iliyofuata kwamba skuli zilizopewa F zilipandisha matokeo. Wataalamu wakabishana kama ni khofu ya vocha au ni aibu ya kuandikwa gazetini, na bado wanabishana. Tarehe 5 Januari 2006 mahakama ya juu ya Florida ilifuta sehemu ya skuli za binafsi, kwa sababu katiba ya jimbo huamrisha skuli za umma zilizo sawa kwa wote, na vocha ilikuwa ikijenga mfumo wa pili usiofuata kanuni zile zile. Wakubwa wa jimbo hawakuvunjika moyo. Walikwishatunga mwaka 2001 njia nyingine ya kupitishia fedha, kwa nafuu za kodi, na mwaka 2023 wakafungua skolashipu kwa kila mtoto wa jimbo, mwenye nacho na asiye nacho.

Je, watoto wenyewe walisoma? Hili ndilo tungelitanguliza, lau jibu lingekuwa moja.

Washington, mji mkuu, Bunge la Marekani lilianzisha skolashipu mwaka 2004, isiyozidi dola 7,500, ikiwatanguliza watoto wa skuli zilizohesabiwa dhaifu. Kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, ilipigwa kura ya bahati, na kwa hivyo iliwezekana kulinganisha aliyepata na aliyekosa kwa haki. Ripoti ya Serikali ya mwaka 2010 ilisema haikuona ushahidi madhubuti kwamba waliopata waliwazidi wenzao katika mitihani. Lakini waliopewa nafasi walimaliza sekondari 82 katika kila 100, na waliokosa 70. Hilo si jambo dogo.

Louisiana ilianza na mji wa New Orleans mwaka 2008, ikaeneza jimbo zima mwaka 2012, kwa watoto wa mafukara waliokuwa katika skuli zilizopewa alama C na chini yake. Sheria yake ilikuwa na masharti mazuri: skuli isichague mtoto, isimtoze mzee ziada, na mtoto afanye mtihani ule ule wa jimbo. Hata hivyo walioshinda kura ya bahati walishuka katika hisabu, na kushuka kwenyewe kulikuwa kukubwa, kuliko waliokosa na kubaki skuli zao. Watu walistaajabu. Sababu moja iliyotajwa twaielewa sisi wa biashara kuliko maprofesa. Ni takriban thuluthi moja tu ya skuli za binafsi iliyokubali kuingia katika mpango, na nyingi katika hizo ni zile zilizokuwa zikipoteza wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Duka lenye wateja halikuhitaji hati ya Serikali. Lililopokea hati ni lile lenye vumbi rafuni.

Basi atakayesimama hapa akatwambia vocha humfaulisha mtoto, mwambieni Louisiana. Atakayesema humwangamiza, mwambieni Washington.

Yaliyofuata tutayapitia haraka kwa sababu yana sura moja. Arizona mwaka 2022 ilifungua mpango wake kwa kila mtoto, na wengi wa walioomba mwanzoni hawakuwamo katika skuli za umma hata hapo awali. Wazee wao walikuwa wakijilipia, wakaona si haba Serikali iwalipie. Texas ilitunga sheria mwezi wa Mei 2025 na kutenga dola bilioni 1 kwa kuanzia. Tarehe 4 Julai 2025 Serikali Kuu nayo ilitia sheria ya kumrudishia mlipa kodi hadi dola 1,700 alizochangia mfuko wa skolashipu, kuanzia mwaka 2027, katika majimbo yatakayokubali. Lakini Novemba 2024, walipoulizwa wananchi wenyewe kwa kura, watu wa Kentucky, Nebraska na Colorado walikataa, na Kentucky ni jimbo lililompigia kura nyingi siku ile ile mgombea urais anayependa vocha. Watu wa mashamba walijua kwamba katika wilaya yenye skuli moja, khiari ni neno tu.

Na asidhani mtu kuwa hii ni shughuli ya Wamarekani pekee. Uganda, jirani zetu, kutoka mwaka 2007 walizilipa baadhi ya skuli za binafsi za sekondari kwa hisabu ya kila mwanafunzi, baadaye wakaamua kuuondoa mpango. Chile waliigeuza nchi nzima mwaka 1981 chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet: fedha zikamfuata mtoto popote. Kutoka miaka ya 1990 skuli za binafsi zenye ruzuku ziliruhusiwa kumtoza mzee ziada juu ya fedha ya Serikali, na nyingi zikichuja watoto kwa mitihani na kwa kuwahoji wazee. Ikawa kila tabaka la watu na skuli yake. Wanafunzi waliandamana nchi nzima mwaka 2006, na mwaka 2015 sheria ya Rais Michelle Bachelet ilianza kuondoa uchujaji, ziada na faida. Walichukua miaka 34 kufika hapo.

Sasa, wenzetu, turudi kwetu. Wapo wanachama wanaosema tulitupe dai hili lote. Hatuafikiani nao. Kumwambia mzee ambaye mwanawe yumo darasa la tatu, ndani ya chumba kilichojaa, asiyeweza kusoma sentensi moja, kwamba asubiri mpango wa Serikali wa miaka 10, ni kumwambia kwamba mwanawe si katika watakaofaidika. Tajiri wa mjini hasubiri. Amekwishampeleka wake skuli ya kulipia, na katika hao wamo wakubwa wanaotuhimiza kuzipenda skuli za Serikali. Bibi Williams alilisema jambo hili mwaka 1990, na halijapata jibu mpaka leo.

Lakini dai lililoandikwa na wenzetu, kama lilivyo, ni la Arizona na wala si la Bibi Williams. Linasema "kila mzee". Tukilipitisha hivyo, senti za mwanzo zitakwenda kwa wale ambao watoto wao wamo tayari katika skuli za kulipia. Halisemi chochote juu ya ziada, kwa hiyo mwenye skuli atapandisha ada kwa kadiri ya vocha, na maskini atabaki nje ya mlango ameshika karatasi. Halisemi nani huchagua. Na halisemi nani hugawa, na hili kwa chama kama chetu ni kubwa kuliko yote. Hati ikiwa hutolewa kwa barua ya mkubwa wa mtaa, hatuna haja ya kuelezana itaishia mikononi mwa nani, na watoto wa nani wataambiwa kuwa majina yao hayakuonekana.

Kuna na hisabu ambayo haikutajwa. Fedha humfuata mtoto, lakini paa halimfuati. Darasa la watoto 60 likiondokewa na 5, mshahara wa mwalimu ni ule ule, bati ni lile lile, chaki ni ile ile. Skuli imepoteza fungu la watoto 5 na haikupunguza gharama hata moja. Na mara nyingi wanaoondoka kwanza ni wale wenye mzee mwenye kujua kusoma tangazo. Wanaobaki ni yatima, na wanaolelewa na bibi zao, na wale ambao baba yao yumo dagoni.

Kwa hiyo twaleta marekebisho, wala si pingamizi. Kwanza, khiari ya mwanzo iwe ni kuhamia skuli ya Serikali iliyo bora, na nauli ya mtoto ilipwe, kwani khiari isiyokuwa na nauli ni ya wanaokaa karibu. Wamarekani wenyewe waliiweka haki ya kuhama namna hiyo katika sheria yao kuu ya ilimu ya mwaka 2002, na waliotumia walikuwa wachache mno, kwa sababu skuli nzuri zilikwisha kujaa na wazee walipata khabari mwaka umekwisha kuanza. Basi na ziandikwe nafasi zinazotengwa na siku ya kutangazwa. Skolashipu ya skuli ya binafsi iwe kwa fukara tu aliyemo katika skuli iliyoshindwa miaka mitatu mfululizo. Igawiwe kwa kura ya bahati mbele ya watu. Skuli inayopokea isichague, isitoze ziada, na itoe matokeo yake hadharani kama ya Serikali. Fedha zitoke katika fungu lake mbali, zisikatwe katika skuli wanayoiacha, na skuli hiyo ipelekewe walimu mwaka huo huo. Na iandikwe ndani ya sheria yenyewe kwamba kikomo cha pato hakipandishwi kwa tangazo la waziri.

Kamati imeweka kura mkutano ujao. Kabla ya hapo, twaomba kila katibu wa shina aje na mambo manne kwa maandishi kuhusu skuli ya mtaa wake: watoto wangapi kwa chumba, walimu wangapi wa hisabu na wa Kiingereza, waliofaulu wangapi katika miaka mitatu iliyopita, na skuli iliyo bora iliyo karibu nayo iko umbali gani na nauli yake ni kiasi gani. Wa mashamba na waandike pia kama iko skuli ya pili ya kuchagua. Karatasi ziletwe ofisini kabla ya Ijumaa, maana mashine ya kupigia chapa ina wino wa toleo moja tu.